Miaka 45 ya Matsuda Seiko: Kazi Iliyopangwa Kudumu Misimu Michache

Usiku wa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1980, ndege ya abiria ilitua katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, na kamera za kituo cha televisheni cha TBS zilikuwa zimekwisha kutegwa kuelekea ngazi ya kushukia. Msichana wa miaka 18 aliteremka, akaimba papo hapo kwenye lami ya uwanja, huku nchi nzima ikimtazama moja kwa moja kupitia The Best Ten, kipindi ambacho kila Alhamisi saa tatu usiku kiliwapandisha hewani waimbaji wanaoongoza kwa wiki hiyo. Wimbo wenyewe, "Aoi Sangoshou", yaani mwamba wa matumbawe wa buluu, hauanzi na ubeti bali na kiitikio, kwa sauti moja ndefu ya "aa" iliyoachiwa kama mtu aliyefungua dirisha linaloitazama bahari. Msichana huyo alijulikana kwa jina la Matsuda Seiko, na mwaka 2025 ulipotimia mwaka wa 45 wa kazi yake alikuwa bado anauimba wimbo huo jukwaani.

Kwa mwimbaji wa kawaida miaka 45 ni muda mrefu, lakini haishangazi. Kila nchi ina wakongwe wake. Kinachohitaji kufafanuliwa hapa ni kwamba Seiko hakuingizwa katika kazi hii awe mwimbaji wa kawaida. Aliingizwa katika biashara ambayo bidhaa yake ni ujana, na ambayo wenyewe waliihesabu kwa misimu, miaka mitatu au minne, kisha msichana aolewe au ageukie uigizaji na nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba yeye ni mwanamke mwenye moyo wa chuma. Hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu wenye moyo wa chuma walikuwa wengi na wengi wao wamesahaulika. Jibu, kwa maoni yangu, liko zaidi katika namna nyimbo zake zilivyotengenezwa kati ya 1980 na 1985, na katika yale aliyoyafanya nazo baada ya watengenezaji kuondoka.

Tuanze na neno lenyewe. Wajapani humwita mwimbaji wa aina hii "aidoru", kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya sanamu inayoabudiwa; wao, kama sisi tulivyopata baiskeli na shati, hawapendi neno la kigeni liishie kwa konsonanti, basi hulipachika irabu. Neno hilo lilienea baada ya filamu moja ya Kifaransa, aliyomo mwimbaji Sylvie Vartan, kuoneshwa Japani mwaka 1964 na wimbo wake kupendwa mno. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa limepata maana mahususi: kijana, mara nyingi msichana wa umri wa sekondari, ambaye haletwi mbele ya watu akiwa amekwisha kuiva, bali analetwa mbichi ili watazamaji wamwone akikua. Shabiki hanunui sauti peke yake. Ananunua nafasi ya kuwa karibu na mtu anayejitahidi, kosa la jukwaani likiwamo, na ndiyo maana kuimba vizuri kupita kiasi kulihesabiwa na baadhi ya wakuu wa biashara hiyo kuwa si sharti la lazima.

Nyuma ya aidoru kuna ofisi inayomsimamia, ambayo Wajapani huiita "jimusho". Ofisi hiyo humtafutia nyumba, humlipa mshahara, humpangia ratiba, huamua atatoka na nani na atavaa nini, na ndiyo inayozungumza na vituo vya televisheni. Kampuni ya kurekodi ni kitu kingine. Hiyo hutafuta mtunzi wa mashairi, mtunzi wa melodi na mpangaji wa ala, kisha humwita mwimbaji studio kazi ikiwa imebaki sauti yake tu. Msikilizaji wa taarabu hatashangazwa na mgawanyo huo, kwa kuwa amezoea kuona mshairi ni huyu, mtia muziki ni yule na mwimbaji ni mwingine kabisa. Mguu wa tatu wa biashara ni tangazo la televisheni, kwani wimbo uliochaguliwa kusindikiza sabuni au aiskrimu husikika mara nyingi kwa siku bila kampuni ya kurekodi kulipia muda wa hewani. Singo (rekodi fupi inayobeba wimbo mmoja mkuu) ya kwanza ya Seiko, "Hadashi no Kisetsu", iliyotoka tarehe 1 Aprili 1980, ilisindikiza tangazo la sabuni ya uso ya Shiseido iliyoitwa Ekubo, maana yake kishimo cha shavuni. Seiko alijaribiwa ili aonekane katika tangazo hilo, akakataliwa, kwa kuwa alipotabasamu mashavu yake hayakufanya vishimo. Ikawa sauti ni yake na uso ni wa msichana mwingine, na watu wakaijua sauti kabla ya kumjua mwenyewe. Sijui kama ofisi yake iliona wakati huo kwamba hiyo ilikuwa bahati njema.

Jina lake la kuzaliwa ni Kamachi Noriko. Alizaliwa tarehe 10 Machi 1962 mjini Kurume, mkoa wa Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, mbali na Tokyo kwa kila maana. Mwaka 1978 aliingia katika shindano la waimbaji lililoandaliwa na jarida la wasichana pamoja na kampuni ya kurekodi ya CBS/Sony, akaimba wimbo wa Sakurada Junko, aidoru aliyekuwa akimpenda, akashinda ngazi ya Kyushu. Fainali ya taifa hakwenda, kwa sababu baba yake, mtumishi wa serikali, alikataa kabisa binti yake kuingia katika dunia ya maonesho. Mambo yangeishia hapo kama kaseti ya shindano lile isingefika mezani kwa Wakamatsu Muneo, prodyuza wa CBS/Sony, ambaye alikuwa akisikiliza rundo la kaseti za washindi wa mikoani na akasimama kwenye sauti moja: sauti ya juu, safi, yenye nguvu inayokwenda mbali. Wakamatsu alifunga safari kwenda kuzungumza na familia, na ilichukua muda mrefu kabla ya baba kulegeza. Ofisi ya Sun Music ilimpokea, lakini si kwa shangwe. Kwa mwaka 1980 ilikuwa imekwisha kumchagua msichana mwingine kuwa chipukizi wake mkuu, na Seiko aliwekwa nyuma yake. Mipango hiyo ilipinduliwa na wasikilizaji wenyewe, kwani "Aoi Sangoshou", iliyotoka Julai, ilifika nafasi ya pili katika chati ya Oricon, inayopanga rekodi za Japani kwa mauzo, na kuuza zaidi ya nakala 600,000.

Wakati nao ulimsaidia. Kundi la aidoru la Candies lilikuwa limekwisha kuvunjika mwaka 1978, na Yamaguchi Momoe, aliyekuwa juu ya wote, alistaafu akiwa na miaka 21 ili aolewe, akifanya onesho lake la mwisho tarehe 5 Oktoba 1980 katika ukumbi wa Nippon Budokan. Mwezi huohuo singo ya tatu ya Seiko, "Kaze wa Aki Iro", ilipanda hadi nafasi ya kwanza. Kuanzia hapo hadi Septemba 1988, singo 24 mfululizo ziliingia nafasi ya kwanza bila kuruka hata moja, rekodi iliyodumu hadi mwimbaji Hamasaki Ayumi alipoivunja mwaka 2010.

Kasi ya kazi hiyo ni vigumu kuiamini leo. Kila baada ya miezi mitatu hivi singo mpya ilitoka, kila mwaka albamu mbili, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi, na kati ya 1980 na 1984 peke yake zilitoka albamu kumi za studio. Katikati ya yote hayo kulikuwa na televisheni karibu kila siku, picha za majarida, vipindi vya redio na ziara za maonesho. Mwimbaji aliyebanwa namna hiyo hana muda wa kujifunza wimbo nyumbani. Seiko alikuwa akifika studio, anaupokea wimbo mpya palepale, anausikiliza mara chache, kisha anaurekodi. Waliofanya kazi naye wamelieleza jambo hili mara nyingi kwa mshangao, nami naliona ndilo lililowafanya watunzi wakubwa wakubali kumwandikia: ukimpa melodi ngumu asubuhi, jioni unaisikia ikiwa imekuwa hai.

Na watunzi hao ni nani? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwanzoni mashairi yaliandikwa na Miura Yoshiko na melodi na Oda Yuichiro, watu wa fani hiyohiyo. Mwaka 1981 mlango ulifunguliwa kwa watu wa upande mwingine kabisa. Matsumoto Takashi, aliyeshika kalamu ya mashairi ya singo zake kuanzia "Shiroi Parasol", alikuwa mpiga ngoma wa Happy End, bendi ya roki iliyovunjika mapema katika miaka ya 1970 na ambayo ilikuwa imethibitisha kwamba roki inaweza kuimbwa kwa Kijapani bila kuonekana kichekesho. Matsumoto aliwaleta wenzake wa zamani. Ohtaki Eiichi alitunga "Kaze Tachinu", na Hosono Haruomi, ambaye wakati huo alikuwa nyota wa muziki wa elektroniki katika Yellow Magic Orchestra, alitunga "Tengoku no Kiss" na "Glass no Ringo". Zaitsu Kazuo wa bendi ya Tulip alikuwa amekwisha kutoa zake. Kisha akaja Matsutoya Yumi, mwanamke aliyekuwa malkia wa nyimbo za kujitungia mwenyewe, ambaye hakutaka jina lake liuze wimbo. Alijiandika Kureta Karuho, jina lililofinyangwa kutokana na la mwigizaji Greta Garbo, ili aone kama melodi itasimama kwa miguu yake.

Ilisimama. "Akai Sweet Pea", ya Januari 1982, ni wimbo ambao Mjapani wa rika lolote anaweza kuuanza na wenzake wakaudaka. Ukiusikiliza kwa karibu utaona jinsi ulivyo mdogo. Msichana yuko ndani ya treni ya majira ya kuchipua, anaelekea baharini na mvulana ambaye nusu mwaka umepita tangu wajuane na hajathubutu hata kumshika mkono. Wanafika stesheni, wanakaa kwenye benchi, mvulana anatazama saa yake, na msichana anaogopa kwamba muda wa kuagana umefika. Hakuna kingine kinachotokea. Hakuna ahadi wala busu, na ua jekundu lililo katika jina la wimbo linabeba kila kisichosemwa. Msichana wa miaka 15 angeweza kuuimba wimbo huo akijiona yeye, na mwanamke wa miaka 50 angeweza kuuimba akimkumbuka msichana yule. Maneno hayamfungi mwimbaji katika umri wowote. Linganisha na nyimbo nyingi za aidoru wa wakati huo, ambazo zilimfaa msichana wa miaka 17 na zilimchekesha mtu zilipoimbwa na yuleyule akiwa na 30.

Kuna jambo jingine lililotokea humo kwa ajali. Kufikia nusu ya pili ya 1981 koo la Seiko lilikuwa limechoka kwa kazi, na ile sauti ya kufungua dirisha haikuwa ikipatikana kila siku. Badala ya kungoja irudi, alijifunza kuimba chini zaidi, kwa sauti laini yenye pumzi ndani yake, akilivuta neno kidogo kabla ya kulifikisha kwenye noti yake. Mashabiki wa awali walisikitika. Lakini sauti ile ya pili ndiyo iliyoweza kubeba huzuni, na ndiyo iliyomvusha. Sauti ya kwanza ingezeeka naye. Ya pili ilikuwa imekwisha kuwa ya mtu mzima kabla mwenyewe hajafika huko.

Ushahidi mzuri wa hilo ni tangazo la bia la mwaka 1983. Kampuni ya Suntory ilitoa katuni ya pengwini anayeimba klabuni usiku, huku pengwini mwingine akimsikiliza na kudondosha chozi. Wimbo ulikuwa wa taratibu, wenye ladha ya jazi na ubeti wa Kiingereza, na jina la mwimbaji halikuandikwa kwenye skrini. Watu walianza kuuliza ni nani huyo, na wengi walidhani ni mwimbaji wa klabu za watu wazima. Alikuwa Seiko, mwenye miaka 21, na wimbo ulikuwa "Sweet Memories", uliotungwa na Omura Masaaki, mpangaji wa ala aliyekuwa naye tangu "Aoi Sangoshou". Ulikuwa umewekwa upande wa pili wa singo ya "Glass no Ringo", mahali panapowekwa wimbo usiotarajiwa kufika popote. Baada ya maswali hayo singo hiyo ilitolewa tena nyimbo zote mbili zikiwa na hadhi sawa, na ikapita nakala 850,000. Kwa mara ya pili tangazo lilikuwa limetenga sauti na uso, na kwa mara ya pili sauti ilijitetea yenyewe.

Uso, kwa upande wake, ulikuwa na wapinzani. Neno "burikko", linalomaanisha msichana anayejifanya mtoto mzuri, lilienea Japani katika miaka hiyohiyo na lilielekezwa kwake kuliko kwa mtu yeyote. Walisema anatabasamu kwa hesabu, anaegemeza kichwa kwa hesabu, na siku aliyolia kwenye televisheni magazeti yalidai kwamba hayakuonekana machozi. Nadhani wakosoaji waliona sawasawa ila wakakosea hukumu. Ilikuwa ni hesabu kweli, na watazamaji wengi walijua hivyo. Raha yake ilikuwa katika kuiona kazi ya mikono ikifanywa vizuri. Wasichana walioanza kwa kumchukia walikuwa wamekwisha kukata nywele zao kwa mtindo wake, ule wa mawimbi yaliyorudishwa nyuma ya masikio, na saluni ziliuita kwa jina lake: mkato wa Seiko-chan. Mwishoni mwa 1981 yeye mwenyewe alizikata fupi, na kuanzia "Akai Sweet Pea" idadi ya wanawake katika kumbi zake iliongezeka. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mvulana aliyempenda aidoru wake humwacha anapopata mchumba, ilhali msichana aliyejiona ndani ya mwimbaji huolewa, huzaa, huachika, na kila mara hugeuka kuangalia mwenzake amefika wapi.

Mwenzake alifika kwenye ndoa tarehe 24 Juni 1985, alipoolewa na mwigizaji Kanda Masaki. Harusi yao ilirushwa moja kwa moja na kituo cha TV Asahi kwa saa nyingi, na zaidi ya asilimia 30 ya nyumba zenye televisheni ziliitazama. Kwa kanuni iliyokuwapo, iliyothibitishwa na Momoe miaka mitano kabla, hapo ndipo hadithi ilipopaswa kufungwa: mwimbaji huacha maikrofoni jukwaani na kwenda nyumbani. Seiko alipumzika tu. Juni 1986, akiwa mjamzito, ilitoka albamu ya "Supreme", ambayo ilipata tuzo ya albamu bora katika tuzo za rekodi za Japani mwaka huo, na ambamo mlikuwa na "Ruriiro no Chikyu", wimbo juu ya dunia ya rangi ya buluu iliyopambazukiwa, uliokuja kuwa wimbo wa kwaya za shule. Binti yake, Sayaka, alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1986. Aprili 1987 singo mpya, "Strawberry Time", ilitoka na kwenda moja kwa moja nafasi ya kwanza, kana kwamba hakuna kilichotokea. Magazeti yalilazimika kutengeneza neno kwa ajili yake, "mamadoru", yaani aidoru aliye mama, na kutengenezwa kwa neno hilo ni dalili kwamba kabla yake kitu chenyewe hakikuwapo. Wengi walimlaumu kwa kumwacha mtoto na kwenda kazini, lawama ambayo baba wa mtoto, aliyekuwa akiigiza wakati wote huo, sikumbuki kuona akipewa.

Marekani tuipitie upesi, kwa sababu ilikuwa na kelele nyingi kuliko matunda. Mwaka 1985 alitoa albamu ya Kiingereza iliyotengenezwa na prodyuza Phil Ramone, na mwaka 1990 nyingine iliyoitwa kwa jina lake tu, ambamo aliimba na Donnie Wahlberg wa New Kids on the Block wimbo wa "The Right Combination", uliofika nafasi ya 54 katika chati ya Billboard. Kwa mwimbaji wa Kijapani wa wakati huo si haba, lakini si mafanikio yaliyotangazwa. Muhimu zaidi ni kilichotokea kati ya albamu hizo mbili: mwaka 1989 aliondoka Sun Music, ofisi iliyomlea, akaanzisha yake. Singo iliyofuata, "Precious Heart", iliishia nafasi ya pili, na mfululizo wa 24 ukakatika. Watunzi wa zamani walikuwa wametawanyika, televisheni ya nyimbo ilikuwa ikififia (The Best Ten yenyewe ilifungwa mwaka huohuo), na habari zake zilihama kutoka kurasa za muziki kwenda kurasa za umbeya.

Katika kipindi hicho cha ukame alianza kuandika mwenyewe. Hakuwa mgeni kabisa. Tangu 1983 alikuwa ametia melodi wimbo uliobeba jina la albamu yake ya "Canary". Lakini sasa alichukua mashairi na melodi kwa pamoja, akishirikiana na mtunzi Ogura Ryo. Wahakiki hawakuwa wakarimu, na mimi pia nakiri kwamba mashairi yake hayana ule uchumi wa Matsumoto. Yeye husema moja kwa moja yale ambayo Matsumoto angeyaficha katika ua. Hata hivyo mwaka 1996 wimbo wao "Anata ni Aitakute", unaomlilia mpenzi aliyeachwa zamani, ulimrudisha nafasi ya kwanza baada ya zaidi ya miaka saba na kuuza nakala zaidi ya milioni 1, kiwango ambacho hakuna singo yake ya miaka ya 1980 iliyokifikia. Pengine kusema moja kwa moja ndiko kulikotakiwa. Walionunua walikuwa wanawake wa rika lake, waliokuwa na mtu wa kumkumbuka. Mwezi Januari 1997 yeye na Kanda waliachana.

Baada ya hapo singo hazikuwa tena mhimili wa kazi yake. Mwimbaji mkongwe wa Japani huishi kwa kalenda, na ya Seiko ni rahisi kuisimulia. Kiangazi ni ziara ya kumbi kubwa, ambayo kituo chake cha kudumu ni Nippon Budokan, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, na ambamo ameimba zaidi ya mara 100. Desemba ni maonesho ya chakula cha jioni katika hoteli kubwa, ambapo wageni wachache huketi mezani, hula, kisha humsikiliza kwa karibu, kwa tiketi inayofika makumi ya maelfu ya yen. Jukwaani hugawa usiku vipande: nyimbo mpya, kisha kipande cha gitaa ambapo huzungumza na ukumbi na kuimba kinachoombwa, kisha ule mfululizo wa vibao vya zamani ambao kila mtu ameufuata, naye huutokea katika gauni la kiprinsesi lenye marinda. Katika viti wako wanaume wenye mvi waliovaa majoho mafupi yenye jina lake na vitambaa kichwani, mavazi yaleyale ya vikosi vya mashabiki wa 1981, wakiita kwa pamoja "Seiko-chan". Kiambishi hicho cha "chan" huwekwa kwa watoto na kwa wapenzi. Kumwita hivyo mwanamke aliyepita miaka 60 kungekuwa utovu wa adabu mahali pengine popote, lakini humo ukumbini ndilo jina lake sahihi, naye huliitikia kwa kupunga mkono kama alivyofundishwa na ofisi mwaka 1980. Tofauti ni kwamba ofisi sasa ni yake.

Sayaka alikua akawa mwimbaji na mwigizaji, akijulikana zaidi kwa sauti ya Anna katika tafsiri ya Kijapani ya filamu ya Frozen. Mwaka 2011, mwaka wa tetemeko kubwa na tsunami, mama na binti walisimama pamoja katika tamasha la mkesha wa mwaka mpya la NHK, shirika la utangazaji la taifa, wakaimba "Ue o Muite Arukou". Tarehe 18 Desemba 2021 Sayaka alifariki mjini Sapporo akiwa na miaka 35. Seiko aliahirisha maonesho yake, akajitoa katika tamasha la NHK la mwezi huo, akanyamaza. Katikati ya 2022 alirudi katika ziara ya kiangazi.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akisoma. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba amehitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Chuo, kwa masomo ya mbali, akiwa na miaka 62. Na anayejua kuandika Kijapani atatabasamu, kwa kuwa jina lake la kuzaliwa, Noriko, huanza na herufi inayosomeka "sheria". Mwezi Juni mwaka huohuo, katika ukumbi wa Tokyo Dome, kundi la NewJeans la Korea Kusini lilikuwa likikutana na mashabiki wake wa Japani, na mmoja wao, Hanni, aliyezaliwa 2004, alitoka peke yake akiwa na nywele fupi na sketi inayopepea. Muziki ulipoanza, watu wa umri wa wazazi waliokuwa wamewasindikiza watoto wao waliutambua kabla msichana hajafungua mdomo. Kisha akaiachia ile "aa" ndefu, na ukumbi mzima ukapiga ukelele.